Pumzi ya Bomu

Mzee Pima hakuwahi kupima kitu kwa mita. Kwake dunia ilikuwa na kipimo kimoja tu, nacho ni pima: nyoosha mikono yote miwili, chukua kamba kutoka ncha ya kidole hiki hadi ncha ya kidole kile, basi. Kisima cha shule kilikuwa pima tisa. Cha zahanati, pima kumi na mbili na mkono mmoja. Jirani yake mmoja aliyerefuka kupita kiasi, mzee alimwita Pima Moja na Chenji, na jina likamganda mtu wa watu.

Alikuwa mchimba visima enzi kisima kilipokuwa kikichimbwa na binadamu. Siku hizi linakuja lori, linachomeka bomba ardhini kama daktari anayedunga sindano bila kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi, na jioni limeshaondoka. Pima na wenzake walishuka kwa kamba, wakaweka kiganja ukutani, wakatega sikio. Tena walikuwa na sheria yao moja, haikuandikwa popote: maji yakitoka, aliyeyasikia wa kwanza ndiye anayekunywa wa kwanza, na mpaka ashushe kikombe hakuna kufungua kinywa. Mwenye kisima atangoja. Mwenyekiti atangoja. Leo nani anajua kungoja?

Alichimbia mji mzima, lakini kwake hakukuwa na tone. Mtaa wa Juu ulikaa juu ya mwamba mtupu, na mwamba hauogopi sururu; unataka mashine na baruti. Wakazi walikwenda kuomba kisima, wakaambiwa fungu halijapatikana. Wakarudi, wakaambiwa fungu liko njiani. Likakaa huko njiani mpaka waliokuwa wakilifuatilia wakaota mvi. Mkewe Pima akawa anapanda mlima na ndoo kichwani asubuhi na jioni, mwaka nenda mwaka rudi, hadi shingo yake ikazoea mzigo hata usipokuwepo. Akienda mikono mitupu bado alitembea wima, kichwa hakigeuki, kama mtu anayeogopa kumwaga.

Ndipo wanajeshi walipokuja kutafuta wachimbaji. Walitaka shimo kwenye uwanda wa juu mlimani, nyuma ya Mtaa wa Juu. Hawakusema la nini, ila hakuna aliyekuwa mtoto: lilikuwa makazi ya bomu, lile kubwa, ambalo moja tu linafuta mji.

Pima alishuka humo akiwa na nguvu zake zote, na alichokiona hakikumtoka akilini hadi uzee. Malori ya saruji yalipanga foleni tangu barabara kuu. Mwamba ule ule walioambiwa haupasuki ulipasuliwa kama mkate. Taa ziliwaka mchana kweupe. Paliletwa mlango wa chuma mzito kuliko nyumba yake pamoja na vyote vilivyomo, na askari mmoja mwembamba akausukuma kwa kidole, ukafunguka bila hata kulia. Pima alianza kuhesabu kwa njia yake. Lori hili ni kisima cha shule. Hili ni cha stendi. Hili na lile ni wodi ya wazazi, na nyumba ya mkunga juu yake. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshamaliza wilaya nzima, na malori bado yanakuja. Akaacha. Hakuwa na hasira wakati ule, hasira ilikuja baadaye na ikakaa. Siku ile alishikwa na ajabu, kama mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba mlima hausogei, halafu akauona unavuka barabara.

Jioni alimsimulia mkewe, mate yakimkauka. "Kumbe inawezekana, mama watoto. Yote tuliyoambiwa hayawezekani, yanawezekana."

"Kwa nani?" mkewe akauliza, akainua ndoo, akashuka bondeni.

Walipofika chini kabisa, pima kumi na saba, ukuta ukalowa. Pima alikuwa wa kwanza kuyasikia maji. Aliinua mkono wenzake wanyamaze, akakinga kiganja. Msimamizi akamvuta bega, na saruji ikamwagwa ukutani kabla kiganja hakijajaa. Miaka yote iliyofuata, akizungumzia shimo lile, hakuanza na bomu. Alianza na kiganja.

Bomu likaingia, uzio ukazungushwa, na mlima ukaanza kunguruma. Ulikuwa mngurumo mdogo, wa mchana na usiku, usiopanda wala kushuka. Mtaa wa Juu ukasema, hilo ni bomu linapumua. Akina mama waliwatuliza watoto nalo: lala, usije ukaliamsha. Mlevi mmoja wa mtaa kila akipita karibu na uzio aliliamkia shikamoo, na hakuna aliyethubutu kumcheka, maana nani ajuaye. Hata Pima, aliyelichimbia chumba, aliamini vilevile.

Kizazi kikapita hivyo. Mwishowe wakubwa wa dunia wakakaa mezani wakakubaliana lao, na lori refu likaja kulichukua bomu. Shimo likakabidhiwa kwa mji. Mji haukujua la kufanya nalo, ukaamua lizibwe. Mkandarasi akashusha mifuko ya saruji uwanja mzima, Pima akaitazama akaiona ile foleni ya ujana wake imerudi. Ilibaki sahihi moja tu, ya mhandisi wa maji, binti aliyetumwa kuthibitisha kwamba shimo ni kavu.

Pima alimfuata huko huko. Alimwambia mle kuna maji, aliyashika kwa mkono wake. Binti hakumdharau; alimwuliza ni upande gani. Mzee akaonyesha upande wa mashariki, bila kusita. Wakatoboa ukuta. Likatoka vumbi. Wakatoboa tena chini kidogo, vumbi likazidi.

"Babu," mkandarasi alisema, akijikung'uta suruali, "uliyoyashika yalikuwa jasho lako."

Vibarua wakaangua kicheko. Mhandisi hakucheka, lakini alitazama saa, akamwambia mzee kwa upole kwamba kesho mchana itabidi asaini. Mtu mwenye uzee wake, aliyezungushwa gizani pima kumi na saba chini ya ardhi, mashariki ataijulia wapi? Pima akarudi nyumbani, chakula kikapoa mbele yake. Saruji ikishamwagwa mle, hakuna sururu wala lori litakalokwenda kuyaamsha maji yale tena, na mkewe atapanda mlima na ndoo mpaka apandishwe yeye kwenye jeneza.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, mafundi umeme walifika kwenye uzio. Umeme wa shimo ulikuwa ukilipwa na jeshi, na mji haukutaka kuirithi bili ile. Wakakata.

Kimya kilichoanguka Mtaa wa Juu hakijawahi kusimuliwa vizuri na mtu yeyote. Mbwa waliokuwa wamelala wakasimama. Watu walitoka milangoni wakiwa na vijiko mikononi, wakatazamana. Kwa mara ya kwanza waliisikia miti yao wenyewe. Wapo waliokuwa wamezaliwa, wakaoa, wakazaa, bila kujua kwamba upepo wa mlima ule una sauti. Mlevi alivua kofia.

Pima alikaa kizingitini, nywele zimemsimama. "Limekata roho," alisema.

Mkewe alikuwa akichambua mchele. "Nini kimekata roho?"

"Bomu."

"Bomu si walilichukua mwezi uliopita? Si ulisimama pale ukalipungia mkono kama unamuaga shemeji?"

"Nililiona likiondoka."

"Basi tangu mwezi uliopita," mkewe alisema, na mkono wake ukatulia juu ya ungo, "nani alikuwa anapumua?"

Mtaa mzima ulikuwa umeliaga bomu, ukarudi kulala kwa pumzi zake, na hakuna aliyeshtuka.

"Mashine," mzee akasema taratibu. "Pampu."

"Na pampu kazi yake nini, mchimba visima?"

Hakungoja jibu. Alikuwa ameshajifunga khanga na kuchukua ndoo, kwa mazoea tu.

Walimkuta mhandisi ameinamia karatasi, kalamu mkononi, mkandarasi pembeni akimwonyesha pa kusaini. Mkewe Pima hakusalimia mtu. Aliuliza swali lile lile aliloliuliza nyumbani, pampu iliyokuwa ikinguruma mle kazi yake nini. Binti akaiweka kalamu chini. Akashuka mwenyewe mpaka kwenye sakafu ya shimo, akafunua mfuniko wa chuma ambao vibarua walikuwa wakiukalia wakati wa chai, akaikuta pampu, na bomba lake limepenya mlimani kuelekea nyuma, ndani ya uzio, ambako raia hakukanyaga.

Wakalifuata kwa juu. Waliufikia mtelemko wa nyuma, wakasimama. Kulikuwa na matete marefu kuliko mtu. Kulikuwa na vyura, na ndege weupe wasiojua kuogopa, na mdomo wa bomba ulikuwa bado unachuruzika yaliyobaki. Miaka yote ile, usiku na mchana, maji yalikuwa yakinyonywa kabla hayajagusa ukuta na kumwagwa pale, na umeme wa kuyanyonya, kama mhandisi alivyoeleza baadaye, ungewasha taa za mtaa wote.

Mkewe Pima alitazama, shingo yake imenyooka.

"Bomu hili lililelewa," alisema. "Hata miguu lilikuwa linakaushwa."

Binti hakusaini. Mkandarasi alipiga simu kila mahali, na kila mahali akaambiwa angoje. Chupa za maji zilipelekwa maabara kutafutwa sumu za kila aina, pamoja na ile ya bomu. Jibu likarudi kwamba hayana kitu, chumvi kidogo tu. Na pampu ikiwa kimya, shimo likaanza kujaa lenyewe. Watu walikwenda kulichungulia kama wanavyochungulia mtoto mchanga. Kwanza ukuta ulimeta. Kisha chini ikaonekana sarafu ya nuru, ikapanuka siku hata siku, mpaka asubuhi moja waliinama ukingoni wakaona mbingu yote imo mle, na mawingu yanapita palipokuwa pameegemea mauti yao. Mkandarasi naye aliinama, akakaa hivyo hivyo mpaka mgongo ukamkumbusha.

Saruji iliyoletwa kuziba shimo ikajenga matangi mawili. Mabomba yakateremshwa mtaani. Fungu lilikuwa limefika, ilitaka tu lishushwe mahali pengine.

Siku ya kufungua bomba la kwanza, mwenyekiti alikuja na hotuba mfukoni. Alikuwa ameshakohoa kusafisha koo Mzee Pima alipoinua mkono. Wazee wawili watatu waliowahi kushika kamba wakaelewa, wakawanyamazisha vijana. Mwenyekiti akatazama huku na huku, akangoja.

Pima alikinga kikombe, kikajaa, akampa mkewe. "Wewe ndiye uliyeyasikia," alisema.

Bibi akanywa polepole, na Mtaa wa Juu wote ukamtazama koo. Akashusha kikombe.

"Yana chumvi," alisema, kisha akakinga tena.