Fulana Nyeupe ya Katikati

Mtaa mzima ulimwita Katikati, na jina lilimkaa kama kofia ya kushonewa. Pembeni mwa barabara kulikuwa na njia nzuri ya waendao kwa miguu, imesakafiwa, haina hata shimo. Yeye aliwaachia mbuzi na watoto wa shule. Alijipitia katikati, ndoo ya lami mkononi, akienda kuziba mapaa ya watu yanayovuja, na nyuma yake magari yakipiga kelele.

Aliyempigia honi kuliko wote alikuwa dereva wa gari la mikate, ambaye mikate yake ilitakiwa kufika madukani ingali moto.

"Mzee, barabara ni ya baba yako?"

Katikati aligeuka, akamsalimu vizuri, akaendelea na mwendo uleule. Dereva alikuwa mtu mpole, lakini kwa Katikati upole ulimwishia kabla ya petroli.

Kwa hiyo Katikati alipofariki, dereva alisikitika kwa adabu, kisha, Mungu amsamehe, akawaza jinsi asubuhi zitakavyokuwa nyepesi. Hajamaliza kuwaza, mama mkwe wake akapiga simu.

"Njoo unichukue, mwanangu. Nakwenda kumzika mwenzangu."

Mama mkwe huyu akipanda gari humfundisha dereva kazi yake: gia hiyo imechelewa, kona hiyo umeivamia. Dereva hujibu "Sawa, mama" mpaka taya zinamuuma, maana mkwe ni mkwe. Kwamba mama aliwahi kuendesha lori la jeshi vitani dereva alikuwa amesikia, akalichukulia kama zile habari za watu waliokuwa warembo ujanani. Siku hiyo mama hakukosoa hata kona moja, na dereva akaingiwa na wasiwasi.

"Amebaki na mpwa tu, naye hajui kitu," mama alisema njiani. "Watamfukia kama fundi wa mapaa, basi. Lazima niseme leo, na mimi mbele za watu ulimi unakuwa mzito."

"Ulimi wako, mama?" Lilimponyoka.

"Wa kugombeza ni mwingine."

Makaburini mpwa alisema marehemu alikuwa mtu wa watu, hakuwa na makuu, akawapa ishara wenye majembe. Mama alisimama, midomo inacheza, sauti haitoki. Jembe la kwanza likazama kwenye udongo. Dereva, ambaye hata bei ya mkate huitaja kwa kunong'ona, akajikuta anapaza sauti: "Subirini kidogo, tafadhali. Mama ana neno."

"Nilikuwa na majeruhi nyuma ya lori," mama alianza, chini chini. "Usiku, taa haziwashwi, adui yuko mlimani. Barabara imetegwa mabomu. Huyu hakuamriwa na mtu. Alivua shati, akabaki na fulana nyeupe, akaniambia, 'Dada, ifuate hii fulana. Nikilipuka, simama.' Akatangulia kwa miguu, anapapasa njia kwa nyayo, mimi nyuma yake na gia ya kwanza, mpaka kukapambazuka. Mabomu mengi yalifukiwa pembeni. Tangu hapo pembeni hakupaamini. Mimi walinipa nishani ya udereva. Yeye walimuuliza shati la serikali amelitupa wapi."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajuta. Waliowahi kumpigia honi marehemu, nao hawakuwa wachache, hawakutaka kutazamana.

Mpwa aliuliza kwa sauti ndogo kama wale majeruhi walipona.

"Baadhi yao. Mmoja alinilalamikia njia nzima kwamba naendesha vibaya, nikaolewa naye." Mama alimgeukia dereva. "Ndiye baba wa mke wako."

Dereva alimfikiria mkewe, aliyemwacha nyumbani akiwagombeza watoto wasichafue nguo. Alitaka kuomba radhi na kushukuru kwa pamoja, akakosa aanze na lipi. Alimwomba mchimbaji jembe, akaanza kumfukia mzee kwa mikono yake mwenyewe, polepole, machozi yakimtoka wala hayafuti.