Mkono wa Kiangazi

Jina lenyewe alilitunga mpambaji wa harusi, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na breki. Maua ya bibi harusi yalipojikunja hata kabla ya kutoka dukani, alimgeukia wifi yake, msaidizi wake wa dukani, mbele ya wateja.

"Una mkono wa kiangazi wewe! Ukigusa kitu tu, kinakauka!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina likanata. Tangu siku hiyo wifi mtu, aliyekuwa akifunga shada kama anasuka nywele, akawa wa kufagia mabua na kumwaga maji machafu.

Ndipo bwana shamba alipoleta maua mapya. Aliingia stoo, akanusa.

"Mama, ndizi humu za nani?"

"Zangu. Naziivisha. Kwani kula nako kosa?"

"Kula, mama, ila zisilale na maua. Tunda likiiva, ndani yake kuna vimeng'enya."

"Wadudu?"

"Wadudu wapi! Ni kama vibarua wa ndani ya tunda. Kimoja kinatayarisha, kingine kinamalizia, inatoka gesi inaitwa ethilini. Huioni. Ndizi inaziivisha, maua yakiipata, yanajikunja."

Mpambaji aliutazama mkungu wake chini ya meza, manjano tupu, umenona. Masikio yakamwaka. Mlangoni alisimama wifi na ndoo yake. Alikuwa amesikia yote. Heri angetukana.

Mpambaji alitamani sana yaishie humo humo stoo. Lakini nje, dukani kati ya wateja, shangazi wa bibi harusi mwingine alikuwa ameshafika, anaongea kabla hajakaa.

"Shada letu utafunga mwenyewe, eti? Huyo Mkono wa Kiangazi asije akaligusa."

Sauti ya mpambaji iliyozoea kusikika mpaka mtaa wa pili ikatoka kama ya mbu.

"Mkono wa kiangazi ni wangu, dada. Ndizi zangu ndizo zilizoua yale maua. Huyu nilimsingizia. Shada atafunga yeye."

Shangazi akaguna. Wateja wakatazamana. Wifi akatua ndoo, akajifuta mikono kwenye khanga taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Basi toa kwanza ndizi zako, Kiangazi."

Mpambaji akarudi stoo, akainama, akajitwika mkungu begani, akapita nao katikati ya wateja. Nyuma yake mtu alicheka. Hakugeuka.