Msimu Ambao Plasta Alimkaba Mdogo Wake

Klabu ya raga ilikuwa na timu nne na uwanja mmoja, na uwanja wenyewe wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama sakafu ya gereji. Jumamosi ya kwanza ya msimu, hata saa sita mchana haijafika, timu ya pili ilikuwa imeshapoteza mechi na meno mawili. Wakongwe walicheza nusu saa tu, mmoja wao akatoka na sikio linaning'inia, damu inamchuruzika hadi kwenye soksi, na swali lake la kwanza lilikuwa kama trai yake, lile bao la kuugusisha mpira chini, imehesabiwa. Timu ya wanawake ilishinda kwa shida. Timu ya kwanza haikushinda tu, iliwasaga wageni, na watatu kati yao wakaondoka wamebebwa.

Wawili kati ya hao watatu walipelekwa hospitali, na Jumatatu asubuhi wakakutana na mwanamke waliyemwona Jumamosi akitema damu pembeni ya uwanja. Huyo ndiye Plasta. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mfupi, mpana, shingo yake na kichwa chake vimelingana unene. Wiki nzima alikuwa kwenye chumba cha plasta, anachovya bandeji kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu na kuzizungusha kwenye miguu na mikono ya watu. Mwisho wa wiki alicheza mstari wa mbele katika skramu ya timu ya wanawake, pale watu wanane wanapofungana mabega na kusukumana na wanane wenzao kama mafahali.

"Kila mtu na riziki yake," alipenda kusema. "Mimi Jumamosi navunja, Jumatatu naunga."

Watu walicheka, naye alicheka. Lakini aliyekuwa akivunja kweli kweli ni mdogo wake.

Mdogo wake huyo walimwita Greda. Walizaliwa tumbo moja, wakapishana miaka minane, na Plasta alimbeba mgongoni mpaka kiuno chake mwenyewe kikapinda. Baba yao alipokufa, kijana alianza kupigana. Alipigana shuleni, akapigana njiani, akampiga jirani kwa sababu ya baiskeli. Alipotimiza miaka kumi na sita Plasta alimshika ukosi wa shati akampeleka klabuni. Alimwambia kocha, "Huyu mikono inamwasha. Mpe pa kuikunia." Kocha alimtazama mabega akampa jezi siku hiyohiyo.

Sasa alikuwa na miaka thelathini, dereva wa foklifti kwenye ghala la saruji, na msimu ule hakuna aliyeweza kumzuia. Akipata mpira alikuwa hamkwepi mtu, anampitia juu. Katika mechi ya tano alimkaba mchezaji wa nyuma wa wapinzani, akamnyanyua, akamtupa chini kwa bega, na watu waliokuwa kwenye mabenchi walisikia mfupa ulivyolia. Yule kijana alilala anapiga mayowe, huku mashabiki wanaimba jina la Greda. Refa alimpa kadi ya njano. Dakika kumi baadaye alirudi akafunga trai mbili, na mwenyekiti wa klabu, muuza vifaa vya ujenzi, alimkumbatia mbele ya watu wote na kumwita mwanangu.

Plasta alipiga makofi kama wengine, lazima isemwe. Alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma.

Wiki mbili baadaye, Jumatano asubuhi, mlango wa chumba cha plasta ulifunguliwa akaingia wifi yake, mke wa Greda. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwembamba wa maneno machache, na mkono wake wa kushoto alikuwa ameufunga kwa kanga, ameubana kifuani.

"Wifi! Kulikoni?"

"Nimeteleza bafuni."

Plasta alichukua picha ya eksirei akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa ameona mikono ya walioteleza bafuni mamia kwa mamia. Mtu akiteleza hujikinga kwa kiganja, na mfupa hukatika karibu na kifundo. Huu ulikuwa umepasuka kwa kuzunguka, ufa umepanda mfupa kama ngazi ya mnara. Mfupa hupasuka hivyo ukikamuliwa, kama mtu anavyokamua nguo.

Alifunga mlango kwa komeo.

"Wifi, bafu halisokoti mkono."

Wifi yake alitazama ndoo. Bandeji ya kwanza ikazungushwa, na ya pili. Kisha akasema polepole kwamba chakula kilichelewa, kwamba alijibu, kwamba siyo mara ya kwanza, na kwamba mtoto alikuwa amesimama mlangoni anaona.

"Mara ya ngapi?"

"Nani anahesabu? Wakishinda ananipiga kwa furaha. Wakishindwa ananipiga kwa hasira. Ila msimu huu wanashinda tu." Akamshika Plasta kwa mkono wake mzima. "Usimwambie, wifi. Ukimwambia ataniua."

Plasta akaahidi, lakini ahadi yake haikumaliza siku.

Saa kumi jioni alikuwa ghalani, amesimama katikati ya vumbi la saruji, anapiga kelele ili kuushinda mlio wa foklifti. Mdogo wake alizima injini akashuka. Kwanza alitabasamu.

"Dada, mbona hivyo? Umekuja na nguo za kazi."

"Nimetoka kumfunga mkeo plasta."

Tabasamu likaondoka. Vibarua wawili waliokuwa wakipanga mifuko wakaona ni heri wakapange kwingine.

"Mambo ya nyumba yangu yana mwenyewe," alisema.

"Umemvunja mkono anaoshikia kitambaa. Atashona na nini?"

"Alinijibu vibaya mbele ya mtoto. Ulitaka nifanye nini?"

Plasta akamzaba kofi. Lilikuwa kofi zito, la mkono uliozoea kunyoosha mifupa ya watu wazima, na uso wa Greda ukageukia upande. Hakurudisha. Alijipangusa vumbi shavuni, akapanda foklifti, akasema kwa sauti ya chini, "Asante kwa kunijulisha kwamba mdomo wake haukufungwa plasta."

Ijumaa wifi hakuja kuangaliwa mkono kama alivyoagizwa. Plasta alikwenda nyumbani kwao wakati wa chakula cha mchana, akijua Greda yuko kazini. Alimkuta wifi yake amekaa kwenye cherehani isiyozunguka. Jicho moja lilikuwa limezibwa na uvimbe, mdomo umepasuka mara mbili, na plasta yenyewe imevunjwa kwenye kiwiko. Alikuwa amejikinga nayo. Mtoto, msichana wa miaka minne, alikuwa chini ya meza na hakutaka kutoka.

Wifi yake hakusema "nilikuambia." Ingekuwa afadhali angesema. Plasta alikusanya nguo zao kwenye mfuko wa sare za shule, akambeba mtoto, akawahamishia kwenye vyumba vyake viwili nyuma ya hospitali. Kisha alikwenda kuwatafuta watu wazima.

Mwenyekiti alimpokea dukani kwake, kati ya ndoo za rangi na maboksi ya misumari. Alisikiliza mpaka mwisho, akapumua.

"Ni jambo baya. Baya sana. Lakini fainali ni wiki mbili zijazo. Tukilishika sasa tunamharibu kijana na tunaiharibu klabu. Tumalize msimu, halafu tuwakalishe, tuwasuluhishe."

"Na akimuua kabla ya msimu kwisha?"

"Aa, usifike huko, dada yangu. Hasira za mpira hizo."

Kutoka hapo Plasta alikwenda kwa mama yake, ambaye alikuwa anachambua mchele kwenye ungo na hakuuweka chini.

"Baba yenu alinipiga miaka kumi na minne," alisema. "Na nilimzika kwa heshima zote. Wewe unataka kumvunjia mdogo wako nyumba?"

"Mama, nyumba ameivunja mwenyewe."

"Basi usiende ukapekue kifusi."

Plasta alirudi kwake. Alimwambia wifi yake waende polisi. Wifi akasema, "Bado," na Plasta safari hii hakwenda popote bila ruhusa yake.

Jumanne kulikuwa na mazoezi. Timu ya pili ilibaki na wachezaji kumi na mmoja, wengine wote wakiwa majeruhi, kwa hiyo kocha aliunganisha timu zote kwenye zoezi la kukaba. Mistari miwili ilitazamana. Mmoja anakimbia na mpira, mwingine anamwangusha. Kama kawaida wanawake walipangiana wao kwa wao. Plasta alihamia mstari wa wanaume, akahesabu foleni, akampisha mtu mmoja, akampisha wa pili, mpaka aliponyanyua kichwa mbele yake akawa amesimama Greda na mpira.

"Plasta, rudi kwenye mstari wako," kocha alisema.

"Nipo kwenye mstari wangu."

Greda alicheka akaja. Alikuja nusu mwendo, kama mtu anayecheza na dada yake uani. Plasta aliingia chini, bega kwenye mapaja, akamfunga magoti kwa mikono yake, akasukuma. Greda alianguka chali, pumzi ikamtoka kama tairi lililotobolewa. Uwanja mzima ukapiga kelele za kufurahia.

"Tena," alisema Plasta.

Mara ya pili Greda alikuja kwa mwendo wake wa kweli. Walivyogongana, Plasta aliona nyota mchana kweupe na kitu kikachanika begani mwake, lakini hakuachia. Walianguka pamoja, yeye juu. Kelele zilipungua. Watu walikuwa wameanza kuelewa kwamba hili si zoezi.

"Inatosha!" kocha alipuliza filimbi.

Greda alikuwa ameshaushika mpira. Macho yake yalikuwa mekundu. Plasta akamwita kwa jina lake la utotoni, lile alilokuwa akimwita alipombeba mgongoni, na akamwambia kwa sauti iliyosikika hadi kwenye mabenchi, "Njoo. Mimi sina mkono mmoja."

Akaja. Ukabaji wa tatu ulikuwa safi kuliko ule wa kwanza na wa pili. Plasta alimpata kiunoni, akamnyanyua kidogo, akamlaza chini ubavu kwa ubavu. Greda alipoinuka hakuushika mpira tena. Alimpiga ngumi dada yake akiwa bado amepiga magoti. Pua ikapasuka kwa mlio wa biskuti. Akampiga ya pili, jino likaruka. Akamshika nywele akainua ngumi ya tatu, na kwa namna alivyoinua, taratibu, bila haraka, kila mtu pale aliona kwamba mkono ule unaijua njia.

Ngumi ya tatu haikufika. Nahodha wa timu ya pili, ambaye kazi yake ilikuwa ukinyozi na ambaye hajawahi kuonekana akipigana nje ya skramu, alimrukia kwa nyuma. Wakafuata watatu. Wachezaji wawili wa timu ya kwanza wakaingia kumtetea Greda, kinyozi akapigwa teke la mbavu, mmoja wa wakongwe akamng'ata mtu mkono, na kwa dakika nzima filimbi ya kocha ililia bila mtu kuisikia. Walipoachanishwa nyasi zilikuwa na damu ya watu saba. Greda alikuwa amekaliwa na wanne, anatukana. Matusi yale yalikuwa ya mke wake, siyo ya dada yake. Alikuwa akimtaja mke wake kwa jina, na yale atakayomfanyia akimpata.

Mwenyekiti alikuwa amesimama karibu na goli. Alisikia yote.

Plasta alilazwa siku mbili. Wifi yake alikuja kumwona, akaketi kando ya kitanda akiwa na mkono wake wa plasta, akamtazama ile pua iliyokuwa imehamia shavuni.

"Umekuwa mbaya," alisema.

"Sikuwahi kuwa mzuri."

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Nilitaka kumuumiza tu. Sikuwa na mpango mwingine."

Wifi yake alisimama. Kisha akasema, "Nitaenda polisi leo. Nikingoja kesho sitakwenda." Akaenda na kinyozi, ambaye alitembea ameshika mbavu njia nzima.

Klabu ilimfukuza Greda kwa barua ya mistari minne. Timu ya kwanza ilicheza fainali bila yeye na kuchapwa thelathini na moja kwa sita. Timu ya pili ilishuka daraja. Wakongwe waliumia kama kawaida yao. Wanawake walimaliza wa tatu, na mechi yao ya mwisho Plasta aliitazama akiwa kwenye benchi, anapumua kwa mdomo. Baadhi ya mashabiki walimpita bila salamu. Mmoja alimtemea mate karibu na viatu na kusema kombe limekwenda kwa sababu ya mambo ya jikoni. Plasta alisimama. Yule bwana alikumbuka ana safari.

Kesi ilisikilizwa miezi minne baadaye. Plasta alieleza kuhusu mfupa, jinsi unavyopasuka ukisokotwa. Wakili wa Greda akainuka.

"Wewe mwenyewe unacheza mchezo wa kuumizana, si kweli?"

"Kweli."

"Na ulimwangusha mshtakiwa mara tatu. Kwa hasira."

"Kwa hasira."

"Sasa tofauti yenu ni nini?"

Plasta alifikiri. "Mimi nilimwita akaja," alisema. "Wifi yangu alikuwa anapakua chakula."

Greda alipewa miezi tisa jela. Alipopitishwa kuelekea mlango wa pembeni alimtazama dada yake, na Plasta alitafuta chuki katika uso ule akaikuta, na nyuma yake akamkuta yule mtoto aliyepigana kwa sababu ya baiskeli. Hilo ndilo lililomtoa machozi, na alilia kwa shida kwa sababu pua haikuwa inapitisha hewa vizuri.

Wifi yake alitoka kwa mlango wa mbele na mtoto, akaelekea kwa wazazi wake, na kabla ya kuondoka aliacha cherehani kwa Plasta mpaka atakapopata chumba.

Mama yao alikuwa amekaa upande wa Greda siku zote tatu za kesi, hajamsemesha binti yake tangu siku ya ungo. Alitoka wa mwisho. Ngazi za mahakama zilikuwa nyingi na hazikuwa na pa kushika, na magoti yake yalikuwa mabaya. Alisimama pale juu akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na mtu mwingine. Plasta alipanda akamtolea mkono, na mama akauegemea kwa uzito wake wote, ngazi baada ya ngazi. Walipofika chini mama aliuondoa mkono wake, akajifunga kanga vizuri, akavuka barabara peke yake.