Masikio Kumi na Manne

Mjomba alikuwa mchanjaji wa ng'ombe, na kwa maringo hakuwa na mpinzani. Koleo la kukatia masikio alilining'iniza kiunoni utadhani bastola. Kila ng'ombe aliyechanjwa dhidi ya sotoka, ile tauni ya ng'ombe, alikatwa ncha ya sikio la kulia. Ukiliona sikio hilo huna haja ya kuuliza; ng'ombe huyo amekingwa.

Siku ya kuchanja kijijini kwetu, zizi la mama yangu, dada yake wa tumbo moja, lilikuwa la mwisho. Mama alikuwa mjane mwenye ng'ombe kumi na wanne, na maziwa yao ndiyo yaliyonisomesha. Mjomba alifika alasiri, akawadunga wote, akawakata masikio, akala akashiba, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye sotoka ikaingia kijijini. Wenzake mama waliwafungia ng'ombe zizini, wakawachotea maji kwa ndoo. Yeye aliwapeleka wake kwenye birika la wote la kunyweshea mifugo, huku akiwacheka waoga. Kisha ng'ombe wake machozi yakaanza kuwatoka, vinywa vikaota vidonda, wakaharisha mpaka wakaanguka. Hakubaki hata ndama. Nami nikaacha shule, jambo ambalo linaniuma hadi leo, na sioni kwa nini nifiche. Mama hakumlaumu kaka yake. Waliomsema, aliwajia juu.

Miaka ikapita, redio ikatangaza kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote. Mama akamwita mjomba, sasa mstaafu mwenye mvi, akampikia chai.

"Hongera, kaka. Mmeifuta kabisa!"

Mjomba hakugusa kikombe.

"Dada, chanjo yako ilikuwa imeshakufa. Barafu ya kuipoza iliyeyuka tangu saa sita. Niliona aibu kukwambia imeharibika, ilhali watu baki nilikuwa nimewachanjia iliyo nzima."

"Ukawakata masikio."

"Nikawakata."

Mimi nilitamani kummwagia ile chai usoni. Mama aliuliza taratibu, kama anayeulizia habari za nyumbani:

"Na nilipokuwa nawapitisha mbele ya ofisi yako kwenda birikani, ulikuwa unaniona?"



"Kila asubuhi, dada. Nilikuwa nakupungia mkono."

Mama aliinuka, akachukua kikombe cha mjomba kikiwa bado kimejaa, akamwaga chai nje, akaanza kukiosha.