Makofi Aliyopigiwa Mama

Juzi chuo kikuu kiliwaita wakazi wa mtaa wetu wa Isevya mkutanoni. Mjukuu wangu alisema mbele ya watu, ukumbi ukampigia makofi, nami nikamkumbuka mama.

Nilipokuwa mtoto, chuo cha enzi hizo nacho kilituita alasiri moja. Ukumbi ulinuka nta ya sakafu. Uzio wao ulikuwa umeziba njia ya kisimani, basi mama akasimama: "Wanangu, maji tuyafuate kwa mabawa? Fungueni njia!"

Wasomi wakacheka, wakapiga makofi, mkuu wao akaagiza uzio ufunguliwe palepale.

Kwetu Wanyamwezi, makofi alipigiwa mtemi tu, mtawala wetu. Sikujua kwamba wasomi humpigia kila msemaji. Nikaamini mama katawazwa. Nyumbani nikapiga magoti, nikampigia makofi.

"Inuka," akasema. "Chukua ndoo. Njia iko wazi."