Ukurasa Mmoja wa Maneno

Godelive alianza kwa kuzikwa. Ndivyo sinema zinavyotengenezwa: kinachotazamwa mwisho huweza kupigwa picha kwanza. Alilala ndani ya jeneza katika ghala moja la Tyseley, Birmingham, amepakwa unga wa kijivu usoni, pamba puani, akisubiri chakula cha mchana kipite ili apewe kile alichokihangaikia tangu Lyon alikozaliwa: maneno. Katika filamu zake zote za Kifaransa alikuwa mtumishi anayepita na sinia, mgonjwa kitandani, mwanamke wa kituo cha basi. Hakuwahi kufungua kinywa. Safari hii, binti anayekufa alikuwa na ukurasa mzima wa kumwambia mama yake kabla ya kukata roho.

Mama yake mwenyewe, Mama Gertrude, Mkongomani aliyehamia Birmingham kutunza wazee, hakujua lolote. Alichojua ni kwamba binti yake anasomea unesi. Godelive ndiye aliyemwambia hivyo, akanunua na sare, na kila asubuhi aliivaa akatoka nayo nyumbani kwao Nechells. Mama alitoa ushuhuda kanisani, waumini wakapiga vigelegele, naye binti akainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Uongo wa namna hiyo hautulii ukishasemwa. Hutaka kulishwa kila siku.

Kibet, dereva wa Stechford na muumini mwenzake, alikuwa amekodiwa kuwa mmoja wa wabeba jeneza. Simu za wote ziliachwa mlangoni. Yake aliificha ndani ya soksi. Alimpiga Godelive picha akiwa jenezani, akamtumia rafiki yake na maneno: "Buriani, dada Godelive." Alikuwa anacheka. Rafiki hakucheka. Aliituma kwenye kikundi cha kanisa.

Wakati wa chakula Kibet alimwendea Godelive, midomo imemkauka.

"Aki dada, nilikuwa nacheza tu. Watu wamejaa kwenu. Wameshatoa makochi nje."

Godelive alielewa. Kwao, msiba ukiingia, makochi hutolewa sebuleni, mfiwa akaketishwa juu ya godoro, na simu yake ikashikwa na mwingine. Alichukua simu ya Kibet, akampigia mama yake. Akapokea mke wa Mzee Onyango, mzee wa kanisa.

"Mama Onyango, ni mimi, Godelive. Niko mzima."

"Shindwa kwa jina la Yesu!"

Simu ilikatwa, na haikuita tena.

Mwongozaji wa filamu alimkuta anavaa koti. "Ukurasa wako ni sasa hivi," alimwambia kwa Kifaransa. "Ukitoka, namwita mwingine. Wapo wengi."

"Mama yangu ananililia."

"Mtumie picha basi, akuone."

"Picha ndiyo iliyoniua, bwana."

Kibet alimwendesha hadi Nechells. Nje ya nyumba makochi yalikuwa yanalowa mvua. Ndani wanawake walikuwa wakiimba, na Godelive alipotokea mlangoni wimbo ulikatika. Mmoja aliruka dirishani, mwingine akajifunika uso. Godelive hakuwa amekumbuka kunawa. Alikuwa bado na uso wa maiti, pamba puani.

Mama Gertrude peke yake hakukimbia. Pajani alikuwa na sare ya pili ya unesi, imepigwa pasi vizuri, ili binti azikwe nayo. Alisimama, akamfuta unga kwa pembe ya kitenge, taratibu, kama anavyowafuta wazee wake.

"Ni weye?"

"Ni mimi, maman."

"Hospitali gani ilikuweka pamba mu pua, mutoto yangu?"

Godelive alitazama sare. "Hakuna hospitali. Hakuna chuo. Ilikuwa sinema. Yote yalikuwa sinema."

Mzee Onyango alikohoa. "Tumshukuru Mungu, binti yuko hai."

"Ngoja, mzee," alisema Mama Gertrude. "Mutoto yenye nililia alikuwa nesi. Huyu simujue." Akamgeukia binti yake. "Sema basi. Weye ni nani?"

Godelive alifungua kinywa. Ukurasa wa yule binti wa filamu alikuwa ameukariri wote, na huko ghalani mwingine alikuwa ameshaanza kuusoma. Machozi alijua kuyatoa kwa amri. Neno lake mwenyewe alilitafuta, asilipate hata moja.

Mama alingoja. Kisha akarudi godoroni, akaketi, akaitandaza ile sare pajani na kuilainisha kwa kiganja.

"Muendelee kuimba," aliwaambia wanawake.

Wakaangaliana. Mmoja akaanza kwa sauti ya chini, wengine wakaitikia.