Kijiti Nilichokisimika Uingereza

Kibao cha langoni kilisema msitu huo ni wa kale, watu wafuate njia, na mtu asitoke na hata ukuni mmoja. Nilikisoma mara mbili. Kisha nikavua viatu nikaviweka chini yake, kwa sababu kwetu msitu wenye masharti kama hayo ni kaya, msitu mtakatifu wa wazee, na kaya haiingiwi na viatu.

Bibi, mamake madam aliyeniajiri, alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya lango na chupa yake ya kahawa. Aliniuliza kwa Kiarabu kama nimepata wazimu. Nilimwambia miguu yangu inataka hewa. Alicheka, akanimiminia kikombe, akasema niende nacho nikazunguke, yeye atapumzika.

Tulikuwa tumetoka Jeddah kukimbia joto. Familia ilikodi nyumba mashambani huko Uingereza, nami nikachukuliwa pamoja na masanduku, pasipoti yangu ikiwa mkobani mwa madam. Kazi yangu ilikuwa bibi: dawa zake, miguu yake, matembezi yake ya alasiri. Msitu wenyewe ulikuwa mdogo, ungeumaliza kuuzunguka kabla wali haujaiva. Lakini miti yake ilikuwa mizee, imejikunja, imeota kuvu ya kijani mpaka matawini, na ukimya wake niliujua. Tangu niondoke Kilifi sikuwa nimehisi kuangaliwa namna ile. Miti haikunitisha. Lililonitisha ni lile nililokuja nalo kichwani, nalo lilikuwa mdogo wangu.

Mimi ndiye niliyemwita Saudia. Miaka ile mawakala walikuwa kila mji, na kila nyumba ilikuwa na binti aliyeondoka au anayengoja viza. Mimi nilikuwa mwaka wa pili Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, kwa watu wa kuvumilika, nikampigia simu nikamwambia njoo, ni kazi kama kazi. Sijui ni nani aliyenidanganya kwamba nyumba zote ni moja. Yeye alipelekwa Riyadh, kwenye ghorofa moja upande wa Al-Murabba. Alinipigia mara tatu. Mara ya tatu alinong'ona kwamba anafungiwa ndani, na kwamba anakula masazo wakikumbuka kumwachia. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Miezi saba. Wakala wa Mombasa aliniambia, "Mafi mushkila, hakuna shida, yuko kazini," kwa sauti ya mtu anayetafuna. Mwishowe nilipata namba ya mlinzi Mkenya wa jengo la jirani na lile.

"Sista, sitaki kukudanganya," alisema. "Huyo dem wa third floor alibebwa na ambulance. Alikuwa amefunikwa. Hajarudi."

Nilimpigia mama nikamweleza. Mama alisema mwanawe yu hai mpaka aletewe maiti, akakata simu.

Mama angeweza kusema hivyo, ndoto hazikuwa zikimjia yeye. Zilinijia mimi, mara tatu. Mdogo wangu alisimama kwenye mlango wa jikoni la Al-Hamra, nywele zimelowa, akaniambia, "Dada, nasikia baridi." Kwetu Giriama ndoto ya namna hiyo haihitaji mganga. Aliyekufa mbali, asiye na mahali, huja kudai mahali. Wazee humchongea koma, kijiti cha kusimama badala yake, wakakisimika uani, wakakivisha vitambaa, wakamwaga tembo la mnazi na kumwita jina. Ni kazi ya wanaume, tena ya nyumbani. Mimi nilikuwa mwanamke, Mkristo wa kubatizwa, na nyumbani palikuwa mbali. Lakini pale mbele yangu palikuwa na kaya.

Niliokota kijiti kilichoanguka, kirefu kama mkono, nikakimenya gamba kwa kucha. Nikachimba kwa kijiko cha dawa ya bibi chini ya mti mmoja mkubwa uliokuwa na pango kwenye shina, karibu na kijito. Nilikuwa nimejifunga leso ya kisutu ndani ya abaya. Leso huuzwa mbili mbili. Siku nilipoondoka kwetu mimi nilichukua moja na mdogo wangu akabaki na mwenzake. Nyekundu, nyeupe na nyeusi, rangi zilezile wanazovishwa koma. Niliirarua pindo, nikakifunga kile kijiti shingoni na kiunoni. Mnazi sikuwa nao, nikamwaga kahawa ya bibi yenye hiliki. Nikamwita jina lake lote, pamoja na lile alilorithi kwa nyanya yetu ambalo hakulipenda, nikamwambia akae hapo, asinifuate tena.

Nilipotoka bibi aliyaona magoti yangu yenye udongo na uso wangu. Hakucheka tena. Aliniambia nikae karibu naye, akanishika mkono mpaka gari lilipokuja. Ndoto zilikoma, na niliona nimefanya jambo la haki.

Wiki tatu baada ya kurudi Jeddah, nikiwa napiga pasi, simu iliita kwa namba nisiyoijua.

"Dada. Ni mimi."

Nilikaa sakafuni. Alikuwa ameruka dirishani, akavunjika nyonga na mguu. Alilala hospitali miezi mingi bila simu, kisha akapelekwa mahali wanapowekwa wanawake waliokimbia kafili, yule mwajiri anayewadhamini, anangoja karatasi za kurudi Kenya. Alizungumza polepole, kama anayesoma. Mimi nililia kwa furaha, nacheka, namtukana kwa kunitesa. Halafu nikakumbuka kile kijiti, na furaha yote ikanitoka.

Nimewasikia wazee wakisema kwamba mtu akisimikiwa koma naye bado anapumua, hana pa kukaa: huku si wake tena, na kule hajafika. Lazima aliyeisimika aing'oe kwa mkono wake. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uleule. Madam aliniuliza, "Wewe enda Kenya, halas, basi?" Nikasema hapana, nabaki. Alifurahi, akanifanyia ikama mpya, kibali cha kukaa. Mdogo wangu alirudi nyumbani kwa magongo, na mimi niliyemwita Saudia nikabaki Saudia, nikingoja wanirudishe Uingereza.

Kiangazi kilichofuata walikwenda Uturuki. Cha pili bibi alikuwa mgonjwa, tukapanda Taif kwenye baridi ya milimani, akafariki tuliporudi, tukamzika. Hakuna aliyetaja Uingereza tena. Ningemwambia nini madam, kwamba nimesahau mtu msituni?

Nilirudi kwetu baada ya miaka miwili hiyo. Kila mtu alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba mdogo wangu anaendelea vizuri. Nilimkuta amekaa ndani, mgongo ukutani, uso mlangoni. Ilibidi umwite mara mbili ndipo ageuke. Kwenye joto lile la Kilifi alikuwa amejifunika ile leso yake ya kisutu mpaka kidevuni. Mama alisema ni malaria.

Siku ya tano tulikuwa wawili tu, tunachambua kunde, nikamwambia yote. Msitu, ndoto, kijiko, kahawa, leso. Nilimwambia nimemzika akiwa hai, kwamba nimejaribu kurudi kuing'oa nikashindwa, na kwamba nitatafuta namna, hata kama ni kusaini mkataba mwingine. Hakuniangalia. Aliendelea kuchambua, akitupa mbovu pembeni.

"Usiing'oe," alisema.

Nikamwambia haelewi, wazee wanasema...

"Wazee hawakuwa Riyadh." Alisugua nyonga yake. "Yule mimi wa ile nyumba, dada, simtaki hapa. Kila siku nashinda nikiangalia mlango, nisije nikamwona anaingia. Kama umempa mahali, mwache akae."

Alimaliza kunde zake, akavuta na zangu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama anayeulizia jamaa:

"Kuna kivuli hapo ulipomweka?"

"Kipo," nikamwambia. "Na maji yako karibu."